Sifa kwa Mtia Kalafati

Mgeni akifika kwa waunda majahazi wa Nungwi humsifu mwenye tezo. Ni haki yake, maana anayechonga taruma kwa jicho tupu anastahili kutazamwa. Lakini taruma peke yake haizuii maji. Sifa zangu nampa mtia kalafati, yule anayechutama ubavuni mwa chombo wakati wenzake wameshakwenda kunywa kahawa.

Anachambua pamba, anaisokota iwe kamba nyembamba, anailoweka mafuta, kisha anaishindilia kati ya mbao na mbao kwa chembeu na nyundo. Ikipungua, maji yatapita. Ikizidi, mbao zitasukumana mpaka misumari ilegee. Hapimi kwa rula, anasikiliza. Mlio wa nyundo mwanzoni ni mzito, na mshono ukishiba hukaza, naye husogea mbele shubiri moja. Chombo kikishushwa, mbao hunywa maji, huvimba na kuibana pamba. Nayo pamba ina tabia ya ajabu: ikiloa huwa na nguvu kuliko ikiwa kavu.

Nguvu hiyo ina asili yake shambani. Kila unyuzi wa pamba ni seli moja tu ya ganda la mbegu, iliyoanza kurefuka ua lilipochanua, ikafika hata sentimita 3, kisha ikajijaza selulosi. Miongoni mwa zinazoamua seli ipi irefuke ni jeni za familia ya MYB.  Mvua ikikatika wakati seli zinarefuka, hukosa maji ya kujisukumia, na nyuzi hutoka fupi.

Linalonifurahisha zaidi ni hili: baadhi ya jeni zinazootesha nyuzi kwenye mbegu huotesha pia vinyweleo vya jani. Kule Ukiriguru, Mwanza, watafiti wa pamba walichagua tangu enzi za ukoloni mimea yenye majani ya vinyweleo, kwa sababu chawajani huyaona tabu kuyafyonza. Jeni hawakuwa na njia ya kuzisoma. Walikuwa na macho, vidole na subira ya msimu hata msimu, na kazi hiyo ikaendelea mpaka zikatoka mbegu kama UK77 na UK91. Jenomu ya jamii ya pamba waliyokuwa wakiifanyia kazi ilichapishwa mwaka 2015, wao wakiwa wameshazichambua jeni hizo kwa mikono kwa miongo mingi. Huo nao ni ufundi, na wa ukoo mmoja na wa Nungwi.

Mtia kalafati hana habari na MYB, wala haimhusu. Akiletewa pamba mpya hutoa kishungi, hukivuta taratibu kati ya vidole viwili. Kikikatika upesi, nyuzi ni fupi, hazisokoteki. Hukirudisha guniani na kumwambia mwenye duka alete nyingine.