Tusi Lililofutwa Katika "Huckleberry Finn"

Mwaka 2011 wachapaji wa NewSouth Books, Alabama, Marekani, walitoa upya riwaya ya Mark Twain, "Adventures of Huckleberry Finn", iliyotoka mara ya kwanza London mwaka 1884. Mhariri wake, Profesa Alan Gribben, alilifuta tusi ambalo Wazungu waliwaitia watu weusi, nalo hutokea humo zaidi ya mara 200. Mahali pake akaweka neno "mtumwa". Nia yake ilikuwa njema. Walimu wengi walikuwa wamekiacha kitabu, naye alitaka kirudi darasani.

Lugha yetu haina neno lililo sawa na lile. "Mshenzi", jinsi watu wa pwani walivyowaita watu wa bara, na baadaye wakoloni wakatuita sote, lakaribia kidogo tu.

Hebu tuitazame sura ya 32. Huck, mtoto wa Kizungu, amefika shambani kwa akina Phelps naye anazua kisa cha meli iliyopasuka mtambo njiani. Mama Sally auliza kama kuna aliyeumia. Huck ajibu kwamba hapana, ila amekufa mtu mweusi mmoja, akimtaja kwa tusi lile. Mama ashukuru, kwa kuwa nyakati nyingine watu huumia. Mama huyu ni mkarimu sana, na mumewe, Silas, ni mkulima na mhubiri aliyejenga kanisa la magogo kwa gharama yake mwenyewe.

Ubaya wa mazungumzo hayo umo katika ile "hapana". Ukilifuta tusi, "hapana" yabaki, lakini sasa yasikika kama hesabu ya mali: mtumwa amekufa, bwana wake amepata hasara. Tusi lilisema jambo zito zaidi, yaani kwamba aliyekufa si mtu, awe mtumwa au huru. Katika sura ya 6 baba yake Huck amtukana kwa neno hilohilo msomi wa Ohio, mtu huru mwenye haki ya kupiga kura. Hata Jim, katika sura za mwisho, amekwisha kuachwa huru kwa wasia wa Bibi Watson, wala hajui. "Mtumwa" si jina la kweli kwa yeyote kati ya hao wawili.

Hata hivyo, siwezi kumpuuza John Wallace, Mmarekani mweusi aliyetaka mwaka 1982 kitabu kiondolewe katika shule alimofanya kazi huko Virginia. Nayo shule iliitwa Mark Twain! Mtoto mweusi aliye peke yake darasani, wenzake wakisoma neno lile kwa zamu na kwa sauti, hafikiwi na kejeli ya mwandishi. Yamfikiayo ni macho ya wenzake. Kwa hiyo naona kitabu kiachwe kizima, kifundishwe kwa wanafunzi wakubwa, pamoja na masimulizi ya Frederick Douglass ya mwaka 1845, wala sura hizo zisisomwe kwa sauti. Mwalimu asiyeweza hayo achague kitabu kingine, si dhambi.

Tena, anayetafuta chukizo asiishie kwenye neno moja. Jim amefungwa kwa mnyororo kibandani, na kila baada ya siku moja au mbili Mzee Silas huingia kusali pamoja naye, kisha hutoka, na mlango hufungwa kwa kufuli. Hapo hapana tusi la kufuta.