Neno Moja na Mwandamo: Uhakiki wa Lugha ya Sheria Inayomkinga Mwanamke Mtandaoni

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na tenzi, riwaya na tamthilia. Ni nadra kwa mhakiki kuichukua sheria ya nchi na kuisoma kama matini, yaani maandishi yenye watunzi, hadhira, msamiati na mtazamo wake. Hata hivyo, sheria nayo ni maandishi, tena maandishi ambayo upungufu wa lugha ndani yake hauishii katika kumchosha msomaji, bali waweza kumwacha mtu bila kinga. Makala haya yanachunguza kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya Kenya ya mwaka 2018, ambacho kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba kifungu hicho hulipima neno moja moja, ilhali dhara linalowapata wanawake wengi haliko katika neno moja bali katika mfululizo wa maneno. Na kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuueleza mfululizo huo ambazo hazijatumiwa ipasavyo.

Kifungu kinavyosema

Kama kilivyoandikwa mwaka 2018, kifungu cha 27 kinasema kuwa mtu ametenda kosa endapo kwa makusudi atawasiliana, waziwazi au kwa kuzunguka, na mtu mwingine au na yeyote ambaye mtu huyo anafahamiana naye, ilhali anajua au alipaswa kujua kwamba mwenendo wake una mojawapo ya sifa tatu. Ya kwanza ni kwamba waweza kumtia mtu hofu ya kudhuriwa au ya kuharibiwa mali yake. Ya pili ni kwamba unamwathiri vibaya. Ya tatu ni kwamba, wote au sehemu yake, ni wa aibu au wa kuchukiza mno, nao unamwathiri. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au yote mawili.

Si haki kukisoma kifungu hiki bila kutaja mema yake. Kinatambua kwamba mwandamaji aghalabu hamwandikii mwanamke peke yake, bali huwaandikia pia mama yake, mwajiri wake na rafiki zake. Kinairuhusu mahakama itoe amri ya muda ya kumkataza mtu, na kuiamuru isikilize na kuamua ombi katika siku 14. Kinaruhusu ombi lipelekwe na mtu mwingine kwa niaba ya mlalamishi, hata nje ya saa za kazi. Zaidi ya hayo, mahakama yaweza kumwamuru mtoa huduma za mawasiliano aeleze ni nani mwenye namba inayolalamikiwa. Haya yote yanaonyesha kuwa watunzi walijua kwamba anayeandamwa hana muda wa kungoja.

Pamoja na hayo, msamiati wa sifa ya tatu una historia. Mnamo Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya kwa sababu maneno yake, yakiwemo yale ya kuchukiza mno na ya aibu, yalikuwa mapana na hayakuwa na mpaka unaoeleweka. Miaka miwili baadaye maneno yale yale yalirejea katika kifungu cha 27. Mnamo Mei 2018 kifungu hicho kilisimamishwa pamoja na vingine. Februari 2020 Mahakama Kuu ikavihalalisha. Mnamo Oktoba 2025 marekebisho yalitiwa sahihi yakaongeza habari ya mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue, na katika mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu za kifungu hicho.

Mabishano hayo ya miaka kadhaa yamehusu jambo moja: je, neno fulani ni pana kiasi cha kuhatarisha uhuru wa kusema? Swali hilo ni la maana. Lakini pande zote mbili zimekubali bila kujadiliana kwamba kipimo cha kosa ni ubaya wa neno lenyewe. Hapo ndipo mhakiki wa lugha anapopaswa kuingia.

Neno lisilo na kosa

Chukua, kwa mfano tu, ujumbe huu: "Gauni la kijani limekukaa vizuri leo." Ni sifa. Hauna tusi, hauna tishio, hauna aibu. Sasa mwanamke na aupokee saa nne za usiku kutoka kwa namba asiyoijua, siku aliyovaa gauni la kijani. Aifunge namba hiyo, na kesho yake apokee mwingine kutoka kwa namba nyingine: "Mbona umechelewa kurudi?" Ujumbe wa tatu uwe salamu tupu. Kufikia wa thelathini mwanamke huyo amebadili njia ya kwenda kazini, amefuta picha zake zote, na hathubutu kulala peke yake. Hakuna hata ujumbe mmoja kati ya hizo thelathini ambao, ukisomwa peke yake, utamtisha hakimu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Utamaduni mzima wa mafumbo umejengwa juu yake. Maandishi ya kanga huweza kuwa methali isiyo na ubaya wowote, lakini mvaaji akipita mlangoni pa jirani mara tatu, mtaa mzima hujua aliyekusudiwa. Wimbo wa mipasho hautaji jina, na anayepashwa hujijua. Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Maana haikai katika neno. Hukaa katika uhusiano wa neno na msemaji, mlengwa, mahali, wakati na idadi ya mara lilivyosemwa. Huo ndio muktadha, na ndio msingi wa somo lolote la isimu-jamii.

Huenda mwanasheria akajibu kwamba sifa ya kwanza na ya pili zatosha, maana hofu na athari mbaya zaweza kutokana hata na maneno mazuri. Jibu hilo lina uzito, lakini halimalizi shida. Kifungu kinataja mwenendo bila kuueleza, na kosa lenyewe limejengwa juu ya kitenzi kuwasiliana, ambacho hutimia kwa tendo moja. Mzigo wa kuzikusanya zile jumbe thelathini na kuzifanya kitu kimoja unabaki kwa mwanamke. Uingereza, katika sheria yake ya mwaka 1997 dhidi ya usumbufu, ilieleza wazi kwamba mwenendo dhidi ya mtu mmoja ni jambo lililotendwa si chini ya mara mbili. Hapo marudio yenyewe ni sehemu ya kosa. Kwa maneno mengine, sheria hiyo husoma kisa, si sentensi.

Sheria tatu na pengo moja

Ukiziweka pamoja sheria za Kenya, jambo la ajabu hujitokeza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 23, inataja kumrudiarudia mtu kwa maombi ya kimapenzi yasiyotakiwa. Lakini kosa hilo ni la mwenye mamlaka au cheo cha umma. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inautaja uandamaji kwa jina lake na kumwezesha mlalamishi kupata amri ya ulinzi. Lakini ni lazima pawe na uhusiano wa kinyumba, kama wa ndoa, uchumba, udugu au ukaribu mwingine kati ya wawili hao. Sheria ya mwaka 2018 haidai cheo wala uhusiano. Lakini imesahau marudio, na amri yake, kwa maneno ya kifungu kidogo cha tatu, humhusu mtu aliyeshtakiwa kwa kosa hilo.

Neno hilo aliyeshtakiwa ni dogo, lakini ndilo linalofunga mlango. Kabla ya mtu kushtakiwa lazima ajulikane, apelelezwe, na mwendesha mashtaka aridhike. Kifungu kidogo cha saba chasema mahakama yaweza kuagiza mtu atambulishwe. Cha tatu chaelekea kudhani ameshatambuliwa na kushtakiwa. Vifungu vidogo viwili vya kifungu kimoja vinavutana, na anayebaki katikati ni mwanamke anayeandamwa na mtu asiyemjua, asiye bosi wake, asiye mume wala mchumba wake. Yule wa 2006 amjua mwandamaji mwenye cheo. Yule wa 2015 amjua mwandamaji wa nyumbani. Mwandamaji mgeni, ambaye mtandao umemzidishia nguvu, anapita katikati.

Mizani ya adhabu nayo inastahili kusomwa. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo ya 2018, kinachohusu kusambaza picha ya siri au ya aibu ya mtu mwingine, kiliweka faini isiyozidi shilingi 200,000 na kifungo kisichozidi miaka 2. Kifungu cha 22, kinachohusu kuchapisha habari za uongo, kiliweka kifungo cha muda huo huo lakini faini ya hadi shilingi milioni 5. Faini ya kuuvua utu wa mwanamke mbele ya watu ni sehemu moja ya 25 ya ile ya uongo, na sehemu moja ya 100 ya ile ya kifungu cha 27. Aidha, kifungu cha 37 hakilitaji neno ridhaa, ambalo ndilo kiini cha dhara lenyewe.

Anayeadhibiwa ni nani?

Fasihi iliuona upungufu wa namna hii zamani. Katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971, barua inaandikwa na mvulana, na anayepigwa ni msichana aliyeandikiwa. Baba yake, Zakaria, haulizi kama binti aliiomba barua hiyo. Kuandikiwa kwenyewe ni hatia. Wahakiki wengi wameuona ukali wa baba huyo kuwa chanzo kimojawapo cha kuanguka kwa Rosa baadaye. Mantiki ya Zakaria haijafa. Kila mwanamke anapoambiwa afunge akaunti yake, abadili namba, au aache kuweka picha, mpokeaji anaadhibiwa kwa kosa la mwandishi.

Jirani Uganda inatoa mfano wa upande wa pili. Mnamo Agosti 2019 msomi na mshairi Stella Nyanzi alitiwa hatiani kwa unyanyasaji wa mtandaoni, kwa sababu ya shairi aliloliweka Facebook kumhusu Rais Yoweri Museveni, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Februari 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu hiyo naye akaachiliwa. Sheria inayosifiwa kuwa ngao ya wanyonge ilikuwa imemfunga mwanamke kwa niaba ya mwenye nguvu kuliko wote. Mtu aweza kuupenda au kuuchukia ukali wa shairi lile. Hilo si suala hapa. Suala ni kwamba makosa haya mawili yana mzizi mmoja. Sheria inayopima ubaya wa neno humnasa kwa urahisi anayesema kwa sauti na kwa jina lake, na humwacha anayenong'ona kwa namba thelathini.

Kiswahili kina neno gani?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini sheria hii iliandikwa kwa Kiingereza. Mlalamishi husimulia kwa lugha moja, na hati ya mashtaka huandikwa kwa nyingine. Uteuzi wa istilahi kwa hiyo si pambo.

Usumbufu ni jina jepesi mno; ndilo linaloombewa radhi maji yanapokatika. Kunyanyasa ni kuzito, lakini hueleza zaidi uonevu wa mwenye nguvu kwa mnyonge, wala hakudai marudio. Kunyemelea ni mwendo wa paka: hila na ukimya. Mwandamaji wa mtandaoni huficha jina lake, lakini hafichi kuwapo kwake. Anataka ajulikane kuwa yupo.

Uradidi ungeweza kusaidia, kwa kuwa fuatafuata hubeba marudio ndani ya umbo lake. Lakini uradidi wa Kiswahili una nyuso mbili. Katika katakata hukaza tendo. Katika chekacheka na tembeatembea hulipunguzia uzito. Ndiyo maana jamii husema kijana anamfuatafuata binti, na kucheka. Utata wa umbo umekuwa utata wa maadili: kinachomnyima mwanamke usingizi huitwa mchezo wa ujana.

Kitenzi kinachofaa zaidi ni kuandama. Huandamwa na deni, na maradhi, na adui. Kina marudio, kina uzito, na kina mtendwa asiyepewa nafasi ya kupumua. Nomino uandamaji yafaa kuwa istilahi ya kosa, na isichanganywe na maandamano, ambayo ni haki ya raia.

Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi adhabu kubwa zaidi. Miaka 10 inatosha kumtisha yeyote atakayefikishwa mahakamani. Unachopendekeza ni mambo matatu ya lugha. Kwanza, uandamaji uelezwe kwa marudio na athari yake, wala si kwa ubaya wa maneno. Hilo litampa mwanamke kinga pana zaidi, na mwenye kusema ukweli kwa ukali hatari ndogo zaidi. Pili, neno aliyeshtakiwa katika kifungu kidogo cha tatu liwe anayelalamikiwa, ili amri ya kinga isingoje mashtaka. Tatu, idara za Kiswahili zishiriki kuandaa matini ya Kiswahili ya sheria hii, badala ya kungoja kuitwa kutafsiri baadaye.

Hata matini bora haitamshika mwandamaji pasipo askari wa kusikiliza. Lakini askari husikiliza kwa masikio aliyopewa na sheria. Akiwa amefunzwa kuuliza, "Alikutukana neno gani?", mwanamke hatakuwa na jibu. Akifunzwa kuuliza, "Amekuandama tangu lini?", maelezo yatakuwa yameanza.