Pongezi kwa Dzimwe, kutoka upande wetu wa ziwa

Ziwa Nyasa haliishii hapa kwetu Matema, Tanzania. Ukilifuata kusini hadi karibu na mwisho wake unafika Monkey Bay, wilayani Mangochi, Malawi, ambako chama cha wanahabari wanawake, MAMWA, kilianzisha Redio Dzimwe mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa UNESCO. Nchi ilikuwa imetoka juzi tu, 1994, katika utawala wa chama kimoja wa Kamuzu Banda. Kuwapa wanawake wa vijijini kipaza sauti wakati ule kulihitaji moyo, na moyo huo nauvulia kofia.

Kuanzisha ni kazi. Kudumu ni kazi kubwa zaidi. Mfadhili hununua mtambo, lakini umeme wa kila mwezi, nauli za watangazaji na fundi wa kupanda mnara radi ikishapiga, hayo huwabakia akina mama wenyewe. Wenzao wa Kampala, waliofungua Mama FM mwaka 2001 chini ya chama cha wanahabari wanawake wa Uganda, UMWA, wanaijua hesabu hiyo.

Nawaza Bondeni kwetu, Kyela: mama anayeanika kakao Ipinda, muuza dagaa wa Ngonga, mjane anayedai shamba la migomba. Bei hupangwa, mashamba hurithiwa, mto Kiwira hufurika, na mara nyingi anayehojiwa ni mwanamume. Dada zetu wa Dzimwe waliamua kwamba mama kama huyo aulizwe kwanza, kwa lugha yake, na jibu lake lirushwe hewani. Hongereni sana, akina mama. Kazi yenu tunaiona.