Banda la Juu Mbugani: Tundu Moja Linavyomaliza Kundi

Kuku wakipotea wilayani Kyela, wa kwanza kulaumiwa ni bweha au mwizi. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa. Mbweha mwekundu anayewatesa wafugaji wa Ulaya hayupo Afrika Mashariki. Bweha wetu wapo, lakini katika uwanda uliojaa mpunga, kakao na migomba kama wa Mbugani wilayani humo, hasara kubwa huletwa na wanyama ambao mwenye nyumba huishi nao jirani bila kuwatia machoni: kicheche, nguchiro, kanu, kenge, nyoka na panya. Angani yupo mwewe. Kila mmoja ana saa yake na njia yake, na banda linalomshinda mmoja laweza kuwa mlango wazi kwa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbao, soma alama. Kifaranga akitoweka mchana bila kuacha damu wala unyoya, mshuku mwewe au nguchiro. Mayai yakiondoka mazima kiotani, nyoka au kenge amepita. Maganda yakibaki yamepasuliwa pembeni, anza na panya. Kuku mmoja akichukuliwa usiku na manyoya yakaelekea kichakani, huyo ni mwenye nguvu ya kubeba: paka pori, fungo au bweha. Ukuta ukichimbwa chini na ubao kung'olewa, nyegere alikuwa kazini. Na ukikuta kuku wengi chini, shingo zimeng'atwa na nyama karibu yote ipo, aliyeingia huenda ni kicheche au kanu. Alama hizi si hukumu ya mwisho, kwani hata mbwa wa jirani huua, lakini zinatosha kukuonyesha adui alikuja saa ngapi na alipitia wapi.

Hiyo mizoga mingi ndiyo yenye somo zito. Porini, mnyama akikamata windo moja mengine hukimbia, naye hula alichopata. Ndani ya banda kuku hawana pa kukimbilia. Wanaruka, wanapiga kelele, na kila anayepapatika humchochea mwuaji kung'ata tena. Kuku wanaolala mtini hupungua mmoja mmoja. Waliofungiwa banda lenye tundu moja huweza kuisha usiku mmoja. Banda bovu, basi, ni hatari zaidi kuliko kukosa banda, na mfugaji anayejenga nusunusu amelipia mtego wa kuku wake mwenyewe.

Banda linalofaa Mbugani ni lile lililoinuliwa juu ya nguzo, na sababu ya kwanza wala si wanyama. Ni maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na mvua za milimani, na masika yakikolea, hasa Aprili na Mei, sehemu za uwanda hufunikwa. Banda la chini hugeuka tope, na tope huleta maradhi. Malighafi na ufundi havikosekani. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu sana nyumba za mianzi za Wanyakyusa kwa usafi na ustadi wake. Mwanzi ule ule hutosha kwa kuku, ilimradi mambo manne yazingatiwe.

La kwanza ni nguzo. Sakafu iwe juu kwa mita moja au zaidi, lakini urefu peke yake haumzuii mpandaji. Kanu hupanda nguzo kwa raha, na panya vilevile. Kinachowakatisha ni koni ya bati. Kipande cha bati kuukuu hukatwa, huzungushiwa nguzo na kupigiliwa misumari, mdomo mpana ukitazama chini. Mpandaji hufika pale, huingia chini ya bati, na hapo safari huishia, kwa kuwa hana pa kushika ili azunguke ukingo. Kila nguzo iwe na koni yake. Nguzo tatu zenye koni na moja isiyo nayo ni kazi bure. Matawi ya mwembe na majani ya migomba yanayogusa paa yakatwe. Ngazi ya kuku iondolewe kila jioni, maana ikiachwa imeegemezwa, koni zote hazina maana. Sehemu ya chini ya nguzo ipakwe oili chafu dhidi ya mchwa, na irudiwe siafu wanapoanza kutembea, kwa sababu siafu wakilifikia banda lililofungwa, vifaranga hawaponi.

La pili ni kuta. Mwanzi mbichi hupendeza siku ya kujenga, lakini ukikauka husinyaa, na nafasi iliyokuwa haipitishi kidole huanza kupitisha kichwa. Kicheche hupita popote kichwa chake kinapopenya. Kuta zikaguliwe tena baada ya kiangazi cha kwanza. Kwenye madirisha, wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu makubwa huwazuia kuku kutoka, lakini haumzuii nyoka wala panya kuingia. Wavu wa matundu ya nusu inchi ni ghali zaidi. Basi utumike pale tu penye uwazi, na sehemu nyingine zijazwe mwanzi uliobanwa.

La tatu ni sakafu. Fito zikiachiana kidogo, kinyesi huanguka chini na banda hukaa kavu. Nafasi ikizidi, mguu wa kifaranga hunasa na panya hupata njia. Kwa kulala tu, kuku watano hadi wanane kwa mita ya mraba wanatosha.

La nne, ambalo halihitaji hata shilingi, ni mlango na saa ya kuufunga. Kuku huingia wenyewe jua linapozama. Banda linalofungwa saa tatu usiku, baada ya chakula cha jioni, limekaa wazi wakati ambao wawindaji wa usiku wameshaamka. Komeo liwe la kupitisha kijiti, kwani kamba hulegea.

Mchana una vita vyake. Kivuli cha kakao na migomba humnyima mwewe nafasi ya kushuka kwa kasi, lakini kivuli hicho hicho humficha nguchiro, ambaye huwinda mchana. Suluhisho ni tenga la kulelea vifaranga, lililofunikwa juu na kuhamishwa kila siku, huku ukanda unaozunguka nyumba ukifyekwa. Vifaranga wakikaa humo wiki tatu au nne za mwanzo, wanavuka kipindi cha hatari kubwa. Tena mama yao akitengwa nao mapema huanza kutaga upesi kuliko akiwalea mwenyewe kwa miezi.

Kuna wanaochoka na kutega sumu kwenye nyama. Hiyo ni hasara mara mbili. Sumu haichagui: itamuua mbwa wa ulinzi na paka wa jirani, na aliyegusa chambo naye yumo hatarini. Halafu kicheche, kanu na nguchiro hula panya, na panya ndiye anayemaliza mpunga shambani na ghalani. Ukiwaua wote kwa ajili ya jogoo mmoja, utawalisha panya magunia. Ni nafuu kumfungia mwindaji njia ya kuingia bandani ukamwachia panya wa shamba.

Faida ya mwisho ya banda zuri haihusiani na meno ya mnyama yeyote. Ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini huua kuku wengi kuliko kicheche, na kinga yake ipo: chanjo ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kinachowashinda wengi ni kuwakamata kuku waliotawanyika kwenye miti na majiko. Waliolala bandani hukamatwa alfajiri mmoja baada ya mwingine kabla mlango haujafunguliwa, na hakuna anayerukwa. Mwenye fedha kidogo aanze na koni, komeo na kuziba nyufa. Fedha inayobaki ainunulie chanjo kabla hajafikiria kuongeza kuku.