Bega la dapi

Mtungi wa maji wa Kijaluo, dapi, usomwe kuanzia begani. Pale tumbo linapokutana na shingo pana mkanda wa vishimo vidogo vilivyolala mshazari. Havikuchongwa kimoja kimoja. Mfinyanzi alichukua kipande cha kamba iliyosokotwa, akakiviringisha kwa kiganja juu ya udongo ungali mbichi, na kila msokoto ukaacha alama yake. Mkwaruzo wa alama hizo pia huzuia mtungi uliolowa kuteleza mikononi.

Gurudumu halimo. Mtungi hupandishwa kwa mikanda ya udongo, mmoja juu ya mwingine, viungo vikilainishwa kwa vidole hadi vipotee. Ukishakauka huchomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto wa wazi hauzibi vinyweleo vya udongo, na hilo ndilo linalotakiwa: maji hupenya kidogo kidogo, yakageuka mvuke nje, ya ndani yakapoa. Mtu wa Ahero, na jua lile la tambarare ya Kano, anaijua thamani ya maji hayo.

Ingrid Herbich na Michael Dietler, waliowachunguza wafinyanzi wa Kijaluo miaka ya 1980, walikuta kwamba mwanamke kwa kawaida hujifunza kazi hii baada ya kuolewa, kwa mama mkwe. Mtindo basi hufuata boma alikoolewa. Umbo na nakshi hutaja kundi la wafinyanzi. Kadi ya makumbusho inayosema "Wajaluo, Kenya" imefuta habari ambayo mtungi wenyewe bado unaitoa, na hilo linaniuma.

Si kila mfinyanzi hufutwa hivyo. Msanii Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, 1950, alijifunza kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja, Nigeria, mwaka 1974. Naye hufinyanga bila gurudumu, kisha husugua uso hadi ung'ae. Moto wenye hewa tele humpa rangi ya chungwa. Akichoma tena ndani ya chombo kilichozibwa, pamoja na vipande vya mbao, hewa hukosekana, chuma kilichomo udongoni hubadilika na mtungi hutoka mweusi. Kazi zake zimo British Museum, kwa jina lake.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na ya Cologne na Frankfurt, yameshaorodhesha vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyoko ng'ambo. Basi picha za mitungi ya Kijaluo zipelekwe Makumbusho ya Kisumu, bega likikuzwa, na akina mama wafinyanzi waitwe, walipwe, waulizwe: huu ni mkono wa upande gani?