Falcons Flight: Mwana wa Marereni Juu ya Jabali la Tuwaiq

Nianze na hukumu kabla pumzi hazijanirudia vizuri: hii ndiyo rolakosta! Usiniambie habari ya "mojawapo", wala "kwa upande wa Uarabuni". Ndiyo yenyewe. Falcons Flight ya Six Flags Qiddiya City, nje ya jiji la Riyadh, ilifunguliwa pamoja na bustani yake tarehe 31 Desemba 2025 na ikanyakua mataji matatu kwa mkupuo mmoja. Kimo chake ni mita 195. Kasi yake ni kilomita 250 kwa saa. Reli yake inapita kilomita 4. Hakuna rolakosta nyingine duniani inayoifikia hata kwa moja kati ya hayo.

Sasa fikiria anayeyasema haya ametoka wapi. Marereni ni nchi tambarare: mabwawa ya chumvi, mikoko, na barabara inayotoka Malindi kwenda Garsen. Kilele tulichokizoea ni lile lundo jeupe la chumvi linalosubiri malori. Bembea tulizipata sikukuu ya Idi au kwenye maonyesho ya kilimo ya Mombasa, zile za kuzungushwa mpaka soda inakupanda puani. Wengi wetu tumekuja huku Ghuba kutafuta riziki, siku ya mapumziko ni moja kwa wiki, na siku hiyo mtu anaitumia kulala, kufua na kupiga simu nyumbani. Mimi na mwenzangu wa Gongoni tuliitoa sadaka. Hatujuti!

Safari yenyewe

Unakaa. Kizuizi kinashuka mapajani, mhudumu anakivuta kuhakikisha, anapita, anarudi, anakivuta tena. Mbele ya treni kuna kioo cha kukinga upepo, na ukishakiona unajua kabisa waliobuni kitu hiki hawana utani. Treni inatoka kituoni kwa adabu. Halafu sumaku zinaikamata, na adabu inaishia hapo.

Msukumo wa kwanza unakutoa kwenye dunia ya watu wanaotembea. Vilima vinafuatana, makalio yanaachana na kiti, unacheka bila kujua unacheka nini. Kumbe bado hujaonyeshwa kitu. Msukumo mwingine unakuelekeza kwenye jabali la Tuwaiq, na hapo ndipo mbunifu alipomaliza kazi yake: hakuweka milingoti mirefu uwanjani akajisifu, alilichukua jabali lenyewe akalifanya sehemu ya mchezo. Treni inalipanda. Inafika juu, inapunguza mwendo, inazunguka ukingoni, na jangwa lote linalala chini yako. Pana utulivu pale juu ambao si wa kheri hata kidogo.

Kisha inajitupa.

Zaidi ya mita 150, pua chini! Mwenzangu wa Gongoni, mtu mzima aliyekuwa amejiapiza kutopiga kelele, alianza kumwita mamake kwa Kigiriama na hakunyamaza mpaka breki. Chini bondeni, pale ambapo rolakosta yoyote nyingine ingeridhika na kasi ya mteremko, hii inasukumwa tena. Kilomita 250 kwa saa! Shavu linakwenda lake, machozi yanakwenda yao. Halafu mbele yako panasimama kilima kimoja kirefu kupita rolakosta nyingi nzima, unapanda, na kileleni mwili unaelea, uzito umekutoka, kama ngalawa ya Ngomeni iliyorushwa na wimbi na haijaguswa na maji bado. Kuelea huko kunadumu. Unapata nafasi ya kufikiri. Unafikiri, "Bado nimo hewani?" Naam, bado umo.

Safari nzima inapita dakika tatu. Rolakosta za kasi zilizopita zilikuwa zinakupa ladha ya sekunde chache na kukurudisha kituoni. Hii ni karamu ya sahani nzima.

Kilicho chini ya kiti

Hapa lazima tuzungumze habari ya mtengenezaji, maana wapenzi wa michezo hii walipoisikia Falcons Flight ikitangazwa mwaka 2019 waliuliza mambo mawili. La kwanza: itajengwa kweli? La pili: kama ni ya Intamin, siku nitakayofika itakuwa inafanya kazi?

Intamin ni kampuni yenye asili ya Uswisi, na ndiyo iliyovunja rekodi nyingi kuliko wenzake. Ndio waliotengeneza Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa Novemba 2010 na kushika taji la kasi kwa miaka 15: kilomita 240 kwa saa, ikiyafikia ndani ya sekunde 4.9. Ndio waliotengeneza Kingda Ka ya New Jersey, Marekani, mwaka 2005, yenye kimo cha mita 139. Na ndio waliotengeneza Top Thrill Dragster ya Cedar Point, Ohio, mwaka 2003.

Tatu hizo zilikuwa na moyo mmoja: haidroliki. Mafuta yanasukumwa kwa shinikizo kubwa, shinikizo linazungusha pipa, pipa linavuta kebo, kebo inavuta kigari kilichoikamata treni. Nguvu yake ni ya kutisha, lakini hesabu vitu vinavyosuguana humo. Kebo inachoka, pampu inachemka, vali inavuja. Mwaka 2009 kebo ya Xcelerator, dada yao wa California, ilikatika wakati wa kurusha treni na mpanda akajeruhiwa. Agosti 2021 kipande cha chuma kiling'oka kwenye treni ya Dragster kikamjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, na mashini ile haikufunguliwa tena kwa sura yake ya zamani. Kingda Ka, maarufu kwa siku zake za kufungwa, ilisimamishwa mwaka 2024 na kuangushwa kwa baruti Februari 2025.

Falcons Flight imeachana na kebo. Inasukumwa kwa sumaku zilizopangwa kwenye reli. Umeme unaziwasha kwa zamu, treni inavutwa na kusukumwa bila kuguswa. Hakuna pipa wala cha kukatika. Ndiyo maana nasema Intamin wa leo si yule wa 2005. Mtazame VelociCoaster ya Orlando, ya mwaka 2021, inavyosifiwa. Lakini pia usisahau Hagrid's, ya kampuni hiyo hiyo na jiji hilo hilo: ilipofunguliwa Juni 2019 foleni ilifika urefu wa saa kumi za kusubiri, na mashini ikawa inasimama mara kwa mara hadi ilipozoeleka. Kitu kipya cha Intamin kinahitaji muda wa kutulia. Mataji hayawahi kuja bila bili.

Nani anaaminika?

Ukiwauliza wapenzi wa rolakosta jina la uhakika, watakutajia Bolliger & Mabillard, au B&M kwa kifupi. Nao ni Waswisi, walioanza mwaka 1988. Hawakimbilii rekodi kwa kubahatisha. Wanatengeneza reli nzito, treni pana, na wanarudia kile walichokijaribu. Hao ndio unaowatafuta ukiwa na siku moja tu. Hata hivyo chuma ni chuma: Juni 2023 nguzo ya Fury 325, kazi ya B&M iliyoko Carowinds, Marekani, ilionekana imepasuka kabisa, na aliyeiona akairekodi alikuwa mgeni wa kawaida. Ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, ikafunguliwa tena Agosti. Jina zuri la mtengenezaji halikagui nguzo. Anayekagua ni fundi wa asubuhi.

Mack Rides wa Ujerumani ni familia iliyoanza kwa kutengeneza mikokoteni mwaka 1780. Velociraptor ya bustani ya IMG, Dubai, ni kazi yao, na mkono wao ni wa kuaminika. Vekoma wa Uholanzi ndiyo hadithi ya toba iliyo nzuri kuliko zote. Zamani treni zao zilikupiga masikio mpaka ukajuta.  Siku hizi reli zao ni laini ajabu. Hapo hapo Qiddiya wametengeneza Iron Rattler, ambapo kipande cha reli kinainama na treni ikiwa juu yake, nawe unaning'inia ukitazama ardhi. Wallahi, mtu mwenye akili timamu hawezi kubuni jambo hilo!

Zamperla wa Italia walipewa kazi ya kuifufua Dragster. Top Thrill 2 ikafunguliwa Mei 2024, ikafungwa baada ya siku chache kwa sababu ya kasoro kwenye magari yake, na watu wakasubiri hadi 2025. Nawapenda kwa ujasiri. Nauli ya ndege sitawapa bado.

Tetesi, tetesi, tetesi!

Tarehe 7 Mei 2025 Disney walitangaza bustani mpya Yas Island, Abu Dhabi, itakayojengwa na kuendeshwa na kampuni ya Miral. Tangu siku hiyo usingizi umetupotea. Nani atapewa reli? Mimi naweka shilingi yangu kwa Vekoma, na si kwa ndoto: ndio waliotengeneza Tron ya Shanghai mwaka 2016 na Cosmic Rewind ya Florida mwaka 2022. Disney hapendi mashini ya kubembeleza. Anapenda inayobeba watu kutwa nzima bila kulalamika.

Na Formula Rossa, iliyovuliwa taji, itakaa kimya? Ferrari World iko kisiwani humo humo. Kubashiri kwangu ni kwamba siku moja wataiondolea haidroliki na kuitia sumaku. Hilo ni langu, msilinukuu kama tangazo. Ila pesa za Abu Dhabi na wivu wa jirani vikikutana, lolote laweza kutokea.

Kwetu je?

Kila nikimaliza kusimulia, swali hufika kutoka nyumbani: Kilifi watajenga lini? Kwa nini sisi tusipate?

Ujasiri hatujapungukiwa. Jirani zetu wa Ngomeni waliona roketi zikirushwa baharini kutoka jukwaa la San Marco kati ya 1967 na 1988. Setilaiti ya Uhuru ilipaa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za taifa. Sasa mtu wa pwani hiyo ataogopa kilima cha reli? Mombasa ina Wild Waters pale Nyali, Dar es Salaam ina michezo ya maji ya Kunduchi, Nairobi ina gurudumu kubwa la Two Rivers. Kupenda mbwembwe tunakupenda.

Lakini mwana wa Marereni anajua jambo ambalo mwekezaji hatalisoma kwenye kijitabu cha mauzo: chumvi. Aliyefanya kazi kwenye mabwawa yetu ameona pampu mpya ikila kutu, boliti ikigoma kufunguka, toroli likitoboka, na upepo wa kusi ukipeleka chumvi hadi kwenye bati za nyumba. Rolakosta ya pwani inaishi ndani ya hewa hiyo usiku na mchana. Blackpool, Uingereza, wana The Big One kando ya bahari tangu 1994, na imebidi sehemu za reli yake zibadilishwe kwa awamu. Hao ni watu wenye mafundi, vipuri na karne ya uzoefu.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa kaunti na wawekezaji wa Malindi na Watamu: siku mtakapotamani, msianze kwa kuuliza kimo. Ulizeni vipuri vinatoka wapi na vinafika baada ya muda gani. Ulizeni nani atatembea kwenye reli kila asubuhi akigonga boliti. Rolakosta ndogo ya familia, mpya, iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, inayofanya kazi kila sikukuu, ni bora kuliko dubwana la mitumba linalosimama wiki ya pili watoto wa Magarini wakiwa wameshika tiketi mkononi.

Maana uaminifu wa mashini ni sehemu ya utamu wake. Anayekaa mtaa wa pili akiikuta imefungwa atarudi kesho. Aliyetoka mbali na siku yake moja ya mapumziko hana kesho hiyo.

Falcons Flight siku yetu ilifanya kazi, na kwa hiyo naipa nyota tano bila kubana hata nusu. Ukiwa Riyadh, nenda. Nenda mapema asubuhi, ipande ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu upepo ukizidi rolakosta ndefu hufungwa kwanza. Simu, kofia na viatu vya kuchomoka viache kabatini. Uliza hali ya mashini kabla ya kulipa nauli. Na ukipata nafasi ya kuchagua kiti, kaa mbele kabisa!