Shaba Ubavuni: Kruza ya Kikula Iliyoniacha Mdomo Wazi

Jamani, Kikula, hapa Likasi, kuna pikipiki! Sisemi zile TVS na Boxer za teksi. Hizo tuziheshimu, maana nyumba nyingi hapa zinakula kwa sababu yao. Nasema kruza. Kiti kiko chini, gidoni imepanda na kumrudia dereva kifuani, tairi la nyuma ni fupi na nene, na ubavuni, pale wengine wanapobandika stika za timu za mpira, kuna sahani mbili za shaba iliyofuliwa kwa nyundo. Shaba kweli, si rangi! Likasi imekuwa ikitoa shaba na kuipakia kwenye treni na malori tangu enzi za wakoloni, mji ukiitwa Jadotville, na leo nimeona kipande kilichobaki nyumbani, tena kikiwa juu ya magurudumu.

Chini ya mapambo yote hayo ni Suzuki GN125, ile yenye tangi la umbo la tone. Ilitoka mwaka 1982, na baadaye viwanda vya China vikaendelea kuitengeneza na kuiiga, ndiyo maana vipuri vyake havisumbui mtu. Injini ni ya silinda moja, sentimita za ujazo 124, gia tano. Gurudumu la mbele ni la inchi 18, la nyuma inchi 16. Kwa hiyo pikipiki hii imezaliwa imeinama nyuma kidogo, kama mtu aliyeshiba. Ukitaka kruza kwa mfuko wa Kikula usihangaike na msingi mwingine, kazi nusu imeshafanywa kiwandani.

Sasa njoo karibu uone sahani. Kila moja imechorwa msalaba wa shaba, ule wa Katanga, ambao wazee wa zamani waliutengeneza na kuutumia kama fedha kabla ya faranga yoyote kufika. Alama za nyundo zinaonekana moja moja, ndogo ndogo, na jua la saa kumi likizipiga, mguu mzima wa dereva unawaka! Fundi aliyeijenga alinieleza jinsi anavyoipasha shaba mpaka iwe nyekundu, anaitumbukiza majini inalainika, anagonga, inakuwa ngumu, anaipasha tena. Akifanya haraka inapasuka pembeni. Kisha akalegeza boliti moja anionyeshe siri: kati ya shaba na chuma kuna mpira uliokatwa kwenye tyubu ya zamani. Bila mpira huo, mvua ikiingia, chuma kinacholalia shaba kinaliwa na kutu upesi kuliko kawaida, na mtikisiko wa injini unaipasua sahani kwenye matundu ya boliti. Nimeona mapambo mengi ya pikipiki, lakini haya yamefanywa na mtu aliyefikiria.

Na hakukata fremu! Mwenye pikipiki alitaka foko ndefu za mbele, zile za sinema. Fundi akamwambia, “Yaya, ya kufungua nitafungua. Ya kukata, hapana.” Nilitamani kumkumbatia. Shingo ya fremu ndiyo inayobeba gurudumu la mbele, na hapo ndipo namba ya fremu imegongwa. Ukiikata na kuichomelea upya umeharibu usukani, na karatasi zako hazina tena cha kulinganishwa nacho siku polisi au mnunuzi akiinama kusoma.

Hizo foko za sinema, kwa taarifa yenu, zina mkono wa watu weusi. Pikipiki zilizong'aa katika filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 zilibuniwa na Cliff Vaughs na kujengwa na Ben Hardy, Wamarekani weusi wa Los Angeles, na majina yao hayakuwekwa kwenye orodha ya mwisho wa filamu. Fundi wa Kikula na wale wa Los Angeles ni ndugu wa kazi moja, ila tu wa Kikula anafanyia chini ya mwembe.

Barabarani je? Niliichukua kuelekea Kambove, na kwa mwendo wa polepole ni raha tupu. Mikono imetulia, mgongo umenyooka, miguu inafika chini bila kunyoosha vidole. Watoto wanapiga kelele, mama wa makaa anageuka, na wewe unajifanya huoni. Kiti kimeshushwa kwa kupunguza sponji, si kwa kufupisha shokamzoba, uamuzi wa busara ambao makalio yanaulipia kwenye mashimo. Mlimani, ukiwa na abiria, nguvu inakatika. Likasi iko kama mita 1,300 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ndogo inalisikia hilo. Malori ya madini yaacheni yaende zao.

Jambo moja tu lilinikera, na ni kubwa: chujio la hewa. Boksi la kiwandani limetolewa, badala yake kimewekwa kile kichujio cha koni kinachong'aa, wazi kabisa. Sauti ni tamu, sikatai! Lakini kiangazi cha kwetu, kuanzia Mei hadi mvua zikaribie, barabara ni unga mwekundu. Unga huo ukipita kwenye koni unaingia kwenye silinda na kusugua ukuta wake na ringi za pistoni kila injini inapozunguka. Koni hiyo pia inaongeza hewa kuliko petroli, hivyo usipobadilisha jeti ya kabureta injini inachemka. Rudisheni boksi. Hakuna anayeliona, liko nyuma ya shaba.

Vumbi likishakula silinda, ndipo linapoingia swali la lini umpelekee muuzaji pikipiki yako, uongeze pesa, uondoke na nyingine. Wengi wanaamua kwa macho: wamechoka rangi, jirani ameleta mpya. Mimi nasema sikiliza silinda. Pistoni ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 57. Ikichakaa, silinda inachongwa na kuwekwa pistoni iliyozidi kwa 0.50. Ikichakaa tena, 1.00. Baada ya hapo ni kutia slivu au kununua bloku. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi unapowasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo ni gharama ndogo. Moshi wa bluu unaokufuata kila ukivuta mafuta, hizo ni ringi na silinda.

Na msidanganyike kwamba mapambo yatarudisha pesa. Muuzaji anayepokea pikipiki ya zamani anatazama injini, fremu na karte roze ya usajili. Shaba kwake ni chuma chakavu. Ndiyo maana ule msimamo wa fundi wa kutokata ni mali: kila kilichofungwa kwa boliti kinaweza kuhamia kwenye pikipiki inayofuata.

Uamuzi wangu? Kwa uzuri, sijaona kruza ya kuishinda katika komuni zote nne za Likasi. Kwa safari ya Lubumbashi, kilomita kama 120, siipandi na abiria. Ingekuwa yangu, ningerudisha boksi la chujio leo, ningeitumia mpaka pistoni ya 0.50 ianze kutoa moshi, na ile ya 1.00 nisingeinunua. Ningekwenda kuibadilisha kwa muuzaji ikiwa na vifuniko vyake vya plastiki vya kiwandani. Sahani za shaba hazimo katika bei.